Idi Mbili, Nyumba Moja

Mtoni, Temeke

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Na Mama, kile kikohozi cha asubuhi kimemwacha? Mimi ni mzima na masomo yanaendelea, ila Idi ya mwaka huu imenichosha, na ninakuandikia nikiwa bado na hasira kidogo.

Alfajiri nilikula daku na Mama mkubwa, nikanuia kufunga. Kulipopambazuka, Baba mkubwa akatoka chumbani na kanzu mpya. Mwezi umeandama nchi za mbali, akasema huku akituonyesha simu yake, kwa hiyo ni Idi. Mama mkubwa akasema yeye anangoja mwezi wa hapa nchini. Mtu na mkewe, Baba!

“Pilau iko wapi?” akauliza Baba mkubwa aliporudi kutoka kuswali.

“Pilau ya nani? Mie nimefunga.”

“Leo kufunga haramu, mke wangu!”

“Mwezi umeupata kwenye simu, na pilau kaile huko huko kwenye simu.”

Basi nikatumwa mimi jikoni. Ikafika wakati wa kuonja chumvi. Baba mkubwa amesimama mlangoni: “Onja, mwanangu.” Mama mkubwa yuko mkekani: “Asionje!” Kufunga siku ya Idi ni dhambi, kula mchana wa Ramadhani ni dhambi, na kijiko ninacho mimi. Nikakupigia. Hukupatikana.

Huko nyumbani ulikuwa ukisikiliza redio, ukisema, “Mwezi umeonekana,” na kijiji kizima kinaswali. Nikadhani ukweli ni mmoja, kama jua. Kumbe tulikuwa na redio moja tu! Hata shuleni, kila darasa ninaambiwa nililofundishwa darasa la nyuma lilikuwa nusu. Inaudhi. Watu wazima mngetuambia mapema.

Nikaweka kijiko chini. Sikujua mwezi wa nani ndio wa kweli, lakini nilijua nimenuia nini alfajiri. Baba mkubwa akala, akanywa maji mengi, akacheka: “Hii chumvi ya watu waliofunga!” Hakunikasirikia. Magharibi, Mama mkubwa akanipa tende kabla hajala yake.

Usiniandikie kama nilipatia au nilikosea. Niandikie wewe ungefanyaje.

Msalimie sana Mama, na bibi mzaa mama, na kaka Hamisi anayekusaidia shambani. Mdogo wangu Rehema naye ataanza kukuuliza habari za mwezi. Usimwambie tu kwamba umeonekana, Baba. Mwambie umeonwa na nani.

Mwanao akupendaye,
Salama