Tuta la Mlola

Alhamisi, Soni

Springi ya nyuma ya lori imekatika tena, ya pili mwezi huu, palepale kwenye lile tuta la Mlola. Kabichi za kijiji zikamwagika barabarani. Na chesisi imeliwa na kutu mpaka naogopa kuigusa. Siku ikikatika kwenye kona za kushukia Mombo...

Nilipanda na hasira zangu hadi kwa Mama Shekiondo, balozi wetu wa nyumba kumi pale Mlola, nikaanza kulalamika kabla ya kumwamkia. Alininyamazia mpaka nikakumbuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa sema."

Nikasema. Akanieleza kuwa tuta linageuza maji ya mvua yasibomoe barabara. "Tulilijenga siku ya msaragambo, kijiji kizima na majembe. Wewe ulikuwa wapi?"

"Safarini, mama."

"Basi waliolijenga hawajawahi kushika usukani."

Kweli. Msaragambo huwa naukwepa, naona ni kazi ya wenye mashamba.

Jumamosi wanakutana tena. Lori litalala. Nitakwenda na jembe langu, nilipanue tuta lile pande zote mbili, maji yageuke na gurudumu lipande taratibu. Nikifika, nitaamkia kwanza.