Chupa Yenye Picha ya Matunda

Kijiji cha Nyambureti,
S.L.P. Mugumu,
Serengeti, Mara.
20 Juni 1976

Mpendwa kaka Kornelio,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta huko Chekoslovakia ukiwa mzima, unakula ukashiba, na ile baridi uliyotuandikia haijakutafuna masikio. Masomo ya mitambo yanaendaje? Nakuuliza afya yako kwa moyo wote, maana mtu mzima wa afya anaweza kushika kalamu, na safari hii nataka uishike.

Sisi huku tunaendelea kusukuma siku. Mvua haikutunyima, ulezi umekubali, na shamba la kijiji limepaliliwa lote. Ng'ombe mwenye baka alizaa jike. Habari njema zimeishia hapo.

Mwenzako wa masomo Laurian, ambaye siku hizi amepangiwa kazi Bomani, Tarime, alitufikishia mzigo wako mpaka mlangoni. Kigari chako cha injini tulikipokea, na kisanduku cha redio cha kukiongozea, na kopo la mafuta ya mbarika, na kile kichupa cha nitro cha kuipa injini nguvu, na ile chupa kubwa yenye picha ya matunda.

Maelekezo yako niliyafuata neno kwa neno. Nilipima spiriti kutoka chupa kubwa, nikachanganya na mafuta ya mbarika na nitro kidogo, nikajaza tangi. Nikafungua sindano ya kupitishia mafuta kama ulivyoichora. Nikaunga plagi na betri, nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta mpaka bega likauma, kimya. Watu wakaanza kucheka, wakauliza kama huko Ulaya wanasomesha watu kutengeneza mawe. Kumbe mafuta yalikuwa yamezidi, injini imelewa. Nikafungua plagi, nikakigeuza kigari chali, nikavuta kamba mpaka yakatemwa yote. Nikaifuta plagi, nikairudisha, na hapo ikashika.

Kaka, kilikimbia. Kililia kama nyuki waliofungiwa kwenye debe, kikazunguka uwanja mzima bila dereva. Mwenyekiti wa kijiji alikuja kuhakikisha ile eriali ya redio si ya kupelekea siri za nchi, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbia. Baba alilia. Hata tulipomzika mama sikumwona akilia, lakini siku ile alilia mbele za watu, akasema mwanangu amefanya chuma kinisalimie.

Kisha akasema mashine imekunywa, na sisi je?

Nilimwambia ile ni ya injini. Akaniuliza nilisomea nini kama siwezi kuiona picha kwenye chupa. Mwana wangu, akasema, hawezi kuipa pombe mashine akamnyima baba yake; ameandika ni mafuta kwa kuogopa wakubwa. Alisema hivyo akicheka, na wote wakacheka naye. Ni chupa ya pombe, kaka. Laurian mwenyewe amekiri baadaye kwa barua kwamba uliisafisha ukamimina spiriti humo, ili wakaguzi wa uwanja wa ndege wadhani ni zawadi ya mzazi. Wakaguzi uliwafikiria. Mzazi hukumfikiria.

Katika maelekezo yako uliandika mafuta yasisogezwe karibu na moto. Uliandika injini isilale na mafuta tumboni isije ikala kutu, na tundu la hewa nilifunike kwa kitambaa vumbi la Mara lisiingie. Injini uliihurumia kila upande. Kuandika kwamba spiriti hiyo hainywewi, hapo mkono wako ulichoka.

Desturi ya hapa hujaisahau, au umeshaisahau? Mwenye kumimina pombe huionja kwanza mbele ya wanywaji, waone mkono wake ni safi. Aliyemimina ni mkewe Baba, mama mdogo Mokami. Hakuionja. Tangu abatizwe na Wasabato hajagusa pombe, na Baba amemsamehe miaka yote. Siku hiyo pia alimsamehe. Akapokea kibuyu, akamwaga kidogo chini kwa waliotangulia, akanywa pamoja na Mzee Heche, mwenzake wa saro moja waliotahiriwa pamoja, kwa sababu pombe ya mwana hainywewi peke yake. Walisema ni kali na nzuri.

Kesho yake Mzee Heche alitapika mpaka akaishiwa nguvu, akawa anauliza kwa nini jua halijatoka, na jua lilikuwa kichwani. Tulimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe kwenda Mugumu. Hakufika. Baba aliamka akisema kuna ukungu, akaniagiza nifungue dirisha. Dirisha lilikuwa wazi. Ule ukungu haujaondoka mpaka leo, na hautaondoka. Baba yako ni kipofu, Kornelio.

Muuguzi wetu wa zahanati, dada Pudensiana, yule aliyehamishiwa hapa kutoka Bukoba, aliinusa chupa na kunieleza waziwazi kwamba spiriti ya mitambo huua macho kwanza, na ikizidi humaliza mwili wote. Nilipomweleza Baba, alinipiga kwa fimbo akifuata sauti yangu. Alisema mwanangu Kornelio hawezi kunitumia sumu, na binti anayemsingizia kaka yake amekwisha nunuliwa na mchawi.

Mchawi ameshapatikana. Ni Mokami. Alimimina na hakuonja, wanataka ushahidi gani tena? Wanawake aliokuwa akichota nao maji wanapita wakisema kikulacho ki nguoni mwako. Kumbe safari hii kilikuwa ng'ambo. Vijana wa Mzee Heche walikuja wakaichoma nyumba ya Mokami, na Baba alisimama nje akisikiliza ikiwaka. Amerudi kwao Kemambo na nguo aliyovaa. Ndiye aliyekulea wewe na mimi mama alipofariki. Ulipougua surua ni mgongo wake uliokubeba, na ulimtapikia shingoni.

Ulezi ukishavunwa, wazee wataketi iritongo, kikao chao cha kuhukumu. Wakimtamka kuwa mchawi, hakuna mji utakaompokea, hata wa kaka zake. Baba amesema mbele yao kwamba neno moja tu atalikubali, la mwanawe mwenyewe. La muuguzi hataki, langu hataki.

Basi andika. Andika kwamba ulitia spiriti ya injini ndani ya chupa ya pombe, na kwamba Mokami hana kosa. Nitamsomea Baba mbele ya wazee wote. Najua unachoogopa, usidhani sijui. Ukiandika, Baba atajua aliyempofusha na aliyemuua rafiki yake ni yule mwana anayejivunia. Usipoandika, utabaki mwana mpendwa, na Mokami atakufa porini kwa niaba yako. Asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wanavyosema, lakini lako lipo, kaka, limekaa hapa uwanjani linapapasa ukuta.

Kigari nakitunza. Kila alasiri Baba huniagiza nikiwashe asikie. Nakausha plagi, nafungua sindano, navuta kamba, naye hugeuza uso kufuata mlio, akitabasamu upande ambao kigari kimeshapita. Kikizima namwaga mafuta yaliyobaki, nadondosha mafuta ya mbarika kama ulivyoelekeza. Hakijashika kutu hata kidogo.

Laurian anakusalimu, hajatia mguu tena hapa. Dada Pudensiana anakusalimu ingawa hakujui. Mama Mokami nilimfuata Kemambo, anakusalimu sana, anauliza kama umepata koti zito. Sikuwa nimemwambia kilichokuwamo ndani ya ile chupa, na alipouliza hivyo niliinuka nikaenda kumchotea maji.

Baba naye anakusalimu, na ameniagiza niandike maneno yake kama yalivyo. Anasema: mwanangu, pombe yako ilikuwa nzuri, ni mkono wa mwanamke ulioiharibu. Nitumie chupa nyingine kama ile. Safari hii nitajimiminia mwenyewe.

Mungu akulinde, akupe na ujasiri, maana macho amekuachia.

Ni mimi dada yako, ambaye ningali nakupenda na sijui mpaka lini,

Agustina Mniko