Injini ya Shitanda

Kwa Ronnie, mtoto wa mama yangu,

Huku Langas tuko salama. Mahindi yamekauka vizuri, na Mama anakusalimu.

Ulipokuja kutoa injini ya pikapu ya marehemu mume wangu Shitanda hapa uani, uliniambia, "Dada, hii imekufa. Nitakuwekea nyingine." Nilikuchinjia kuku, nikakushikia spana. Hiyo uliyoniwekea inazima kila nikipanda mlima.

Jumapili nilifika kwako Ainabkoi, nikakuta umetoka, gari yako imeachwa boneti wazi. Ndani niliona jina la Shitanda, alivyoliandika mwenyewe kwa rangi nyeupe juu ya injini yake.

Mkeo akasema, "Asante kwa kumpa Ronnie injini."

Nikamjibu, "Karibu." Sikutaka ajue ameolewa na mtu wa aina gani.

Dada yako,
Nangila