Kingi Pia Lazima Ale

Thika, Jumapili, 1955

Hata sasa naona nilikuwa na haki. Mutua, ninayekaa naye chumba kimoja hapa kambi ya mkonge, alikuwa na kingi kwenye drafti, kifuniko kilichofika mwisho wa ubao. Angeweza kula kifuniko changu cha soda, lakini akampitisha kando. Nikamwambia anayekataa kula ananyang'anywa kifuniko alichokataa kulia.

"Hiyo ni ya vifuniko vya kawaida," akasema. "Kingi huenda anakotaka."

Labda kwao Machakos. Kwetu Ruiru kila mtu lazima ale.

Akabeba ubao wake akatoka. Mimi nikabaki na vifuniko vyangu vya soda mfukoni. Niliingiwa na wasiwasi, maana sufuria pia ni yake, na kafyu ikianza hakuna mwingine wa kuongea naye.

Kabla ya giza alirudi na ubao. "Haya, tufuate sheria yako."

Nilifurahi mpaka nikapata kingi. Mutua akasogeza kifuniko kimoja mbele yake makusudi. Nikikila hicho, kingi wangu naye ataliwa.

"Huyu si angepita tu kando," nilisema.

Mutua alingoja, mikono magotini.

Nikala. Naye hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi.