Vigelegele vya Mama kwa Columbus

Jumamosi, Riverside

Nilitamani kujificha chini ya kiti. Nilimpeleka Mama uwanjani ili aipende besiboli na anisainie fomu ya timu ya shule, ambayo amekataa kuisaini maana anaogopa nikishindwa watanicheka. Na timu ya jiji letu la Buffalo, ambayo msimu mzima inapigwa tu, leo ikapigwa tena.

Mchezaji wa Columbus aliupiga mpira ukatoka nje kabisa ya uwanja, na kwenye besiboli hilo ni kama bao. Watu wetu wote kimya. Mama akasimama, akapiga vigelegele kama yuko harusini.

"Mama, huyo ni mpinzani."

"Kwani hana mama yake?"

Mzee aliyekaa mbele yetu akageuka, akacheka, akampigia Mama makofi. Masikio yangu yaliwaka moto.

Kwenye basi la kurudi nyumbani Mama alitazama tu nje ya dirisha. Nikajua sahihi yake nimeikosa.

"Hawa wanaoshindwa kila siku, kesho wanarudi kucheza?" akaniuliza ghafla.

"Wanarudi."

"Hakuna anayewafukuza?"

"Hakuna, Mama."

"Basi lete hiyo karatasi."

Akasaini juu ya goti lake.

Jumatatu kocha ataita majina, na mimi ambaye hata darasani hujibu kwa kunong'ona... Naogopa, lakini nitaitika.