Baba, Nimemwona Yule Ng'ombe wa Milano

Mpendwa Baba,

Kumbe Italia ulikwenda kweli! Nimerudi Doha wiki iliyopita na mpaka sasa kichwa hakijatulia. Nakuandikia nikiwa ndani ya gari hapa West Bay, namsubiri madam, mke wa tajiri wangu, atoke kwa daktari wa meno. Injini sizimi. Nikizima AC, mwanao ataiva.

Wewe ulikuwa mpishi wa Mtaliano pale Malindi, na hadithi zako tulizila pamoja na tambi. "Venezia barabara ni maji. Firenze kuna daraja limebeba maduka ya dhahabu. Milano, kanisa lina watu wa mawe, wamesimama juu ya paa!" Ulisema bosi wako alikuchukua kwao ukampikie mama yake wali wa nazi. Mama alikuwa akiosha sufuria, hata hageuki. "Italia ya Mombasa hiyo," anasema.

Maana ulipotea msimu mzima wa mvua, Baba. Uliporudi akakuuliza, mwiko mkononi, ulikuwa ukifanya nini huko. Ukajibu, "Nilizunguka juu ya ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

Ukaangalia chini, ukaona haya kama bwana harusi. Sasa, Baba yangu, kwetu Giriama mume apotee miezi, arudi akitaja ng'ombe, halafu aone haya: mkewe afikirie nini kama si mahari? Tangu siku ile Mama alijua ana mke mwenza. Hata siku ya mazishi yako alikuwa akiwakagua waombolezaji wa kike mmoja mmoja, akimtafuta.

Basi mwezi huu tajiri wangu wa mtaa wa Muaither hapa Doha alipeleka familia yake Italia kutembea, nami nikachukuliwa. Si kuendesha gari, kusukuma kiti cha magurudumu cha mama yake, Hajja. Cheo kimepanda. Venezia ndiyo iliyoniumbua. Barabara za maji ulizisema, lakini mbona hukusema kuna madaraja kila kona, na kila daraja ni ngazi? Hajja si mwepesi, na kitambi changu unakijua. "Yalla, Kahindi, yalla!" ananipigia kelele, utadhani mimi punda. Firenze nikaliona daraja lako na maduka yake, yamening'inia juu ya mto. Nikasema, aah, haya yote Mtaliano angeweza kumsimulia tu mzee jikoni, mzee akimenya vitunguu.

Ndipo tukafika Milano. Karibu na lile kanisa la watu wa mawe kuna njia ya maduka ya kifahari, imeezekwa kwa kioo. Katikati watu wamejikusanya, wanacheka. Nikasogeza kiti. Sakafuni kuna ng'ombe dume amechorwa kwa vijiwe, na watu wanapanga foleni kumwekea kisigino cha kulia pale... Baba, unapajua. Pale panapomfanya dume awe dume. Pamechimbika shimo kwa visigino. Unaweka kisigino, unazunguka, eti upate bahati.

Jikoni kwetu, samaki akipatikana mkubwa, au mtoto akifaulu mtihani, ulikuwa unasimama kwa kisigino cha kulia na kuzunguka vivyo hivyo, taulo begani. Tulidhani ni ngoma yako tu! Mtu akikusimulia kanisa utalisimulia, lakini kisigino kile, Baba, hukusimuliwa.

Kumbe ulishindwa kumtajia mkeo, mbele ya watoto, ulichokanyaga. Ukakubali kuitwa mume wa wake wawili kwa sababu ya ng'ombe wa vijiwe! Hajja akaniuliza nalia nini. Nikasema vumbi. "Vumbi gani humu?" akasema, akanipa tishu.

Jioni ile nilimpigia Mama. Nilieleza yote, ila sehemu ile niliipita mbio, maana haya yako nimeirithi.

"Kwa hiyo hakukuwa na mwanamke?"

"Hakukuwa, Mama. Ni ng'ombe tu."

"Mapumbu ya ng'ombe?"

"Ndiyo, Mama."

Hakucheka. Nilimsikia akivuta kiti akaketi. "Nimemnunia bure," akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Akakata simu, na siku zote zilizofuata hakupokea tena. Nikaanza kujilaumu: ningefunga mdomo, angalau angebaki na hasira yake aliyoizoea.

Leo asubuhi amenipigia dada Kadzo. Anasema Mama amekwenda kaburini kwako peke yake, jamvi kwapani, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu tukuzike. Kadzo akamfuata kwa mbali, akijua anakwenda kulia. Amemkuta ameketi, miguu ameinyoosha, anakugombeza.

"Italia nzima umeiona peke yako! Mimi mkeo nikabaki na sufuria! Haya, sasa nieleze vizuri. Anzia kwenye ndege."

Basi mweleze, Baba. Usiruke kitu. Safari hii anasikiliza.

Nakuaga kwa heshima zote,
Mwanao msukuma viti,
Kahindi