Mpaka Uingie wa Sita

Vikokotoni, Unguja Mjini
Jumatatu, 8 Machi 1965

Kwa mjomba wangu Mjaka,

Shikamoo. Natumai barua hii itakufika ukiwa mzima, na mkaza mjomba Mwanamkasi kile kifua chake kimetulia. Huku sote wazima. Mama anakusalimu sana, anasema kaka yake asidhani amezisahau zile ndizi alizoahidiwa tangu Ramadhani. Mwanao Simai naye mzima, anakula kama watu wawili.

Mjomba, nina habari na nina haja, nami naanza na habari. Jana kamati ya klabu yetu ya Mwangaza ilikutana na wenzetu wa Tufani, tukakubaliana kubadilishana wachezaji. Wao wametupa Borafya. Sisi tumewapa Simai.

Najua hapa utaiweka barua chini. Iokote, uendelee. Wewe hufuati mpira, kwa hivyo nikwambie Borafya ni nani. Huyu ndiye senta fowadi aliyetufunga mabao matatu mwaka juzi, nikarudi nyumbani kwa miguu bila ya kusema na mtu. Unguja nzima hana mfano. Lakini mwezi wa Disemba alivunjika muundi wa mguu wa kulia. Hospitali walimtia hogo la plasta, wakalitoa, mfupa umeshika ila mguu hauna nguvu, anatembea na gongo. Tufani wamemkatia tamaa, ndiyo maana wakatupa. Angekuwa mzima wasingetupa hata tukiwapigia magoti.

Wenzangu katika kamati walicheka. Mwenyekiti wetu, Bwana Masoud, aliniuliza, "Machano, sisi timu au wodi?" Nikawaambia nina mjomba Matemwe anayeunga mifupa. Nikawaonyesha mkono wangu huu ninaoandikia, uliovunjika pahala pawili nilipoanguka mkarafuu, nawe ukauunga. Nikasema Borafya asipocheza, ukatibu nauacha na kiwanjani sionekani tena. Basi jina langu liko kwenye mguu ule, na mguu nataka kuuleta kwako. Atakuja na gari la abiria siku yoyote utakayosema.

Usinikatalie, mjomba.

Mpwa wako,
Machano


Matemwe
Mfungo Pili, siku ya 9

Mpwa wangu Machano,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Nilimsomea Mwanamkasi, akaniambia nisome tena, huenda nimekosea. Sisi hatujambo. Kifua chake kimetulia, kikohozi kimebaki cha kuitia watu tu. Mwambie dada Tabia ndizi hazijaiva, na yeye hana subira tangu tuko wadogo.

Sasa nakuuliza neno moja. Simai mlimwuliza? Nilimleta kwenu akae na shangazi yake, ajifunze useremala, na jioni acheze mpira kama wenzake. Sikumleta awe kitu cha kutolewa ili apatikane mtu mwengine. Mimi mpira siujui, lakini mwanangu namjua. Akiumia hasemi. Atakujibu "naam" kwa kila jambo, nawe utadhani amekubali.

Nimekasirika, Machano, na nimeona bora uipate habari hiyo kwangu mwenyewe.

Huyo Borafya mlete. Mguu hauna kosa. Tangu marehemu baba aniachie kazi hii sijamrudisha mtu mlangoni, na sitaanza na huyu. Aje Alkhamisi na shuka mbili. Dawa za kupaka za dukani asilete, uto wa nyonyo wa kukandia ninao. Mguu nitauangalia mimi, wewe mwangalie Simai.

Mjomba wako,
Mjaka


Vikokotoni
Jumanne, 20 Aprili 1965

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Poleni na shughuli za Idi. Huku tumeisherehekea vizuri, mama kapika pilau mpaka jirani wakamwuliza anaoza nani. Vipi hali zenu? Vipi mgonjwa?

Swali lako limenikaa. Kweli, Simai sikumwuliza kabla. Nilimwuliza baadaye, akanijibu "naam", kama ulivyosema, na akaenda kula. Bado anakaa nasi. Jezi yake ya Tufani anaifua mwenyewe na kuianika uwani nyuma ya shuka, ili watu wa Mwangaza wakija wasiione. Nikiitazama pale sijisikii vizuri.

Lakini maji nshayavulia nguo. Fainali ya Kombe imepangwa Jumapili tarehe 13 Juni, Mnazi Mmoja, na ukitazama timu zilizobaki itakuwa sisi na Tufani. Barazani siku hizi hawaniiti kwa jina, wananiita Daktari. Nikipita wanachechemea. Mzee Kificho, kazi yake kuchonga bakora, kaniletea moja na kuniambia, "Mpe senta fowadi wako." Ofisini bandarini hata mkubwa wetu mpya ameshasikia.

Nieleze wazi, mjomba, nipate la kuwaambia kamati. Atacheza mwezi gani?

Mpwa wako,
Machano


Matemwe
Mfungo Tatu, siku ya 22

Mpwa wangu,

Marahaba. Sisi wazima, na mgonjwa wako mzima kuliko sisi.

Gongo amelitupa tangu wiki iliyopita. Asubuhi namkanda, mchana namfunga mabanzi, jioni anakwenda hadi pwani na kurudi, nami nyuma yake nahesabu hatua. Wiki ya kwanza alilia, na ilipofika ya pili akanitukana. Siku hizi anasokota kamba. Amesokota za kufungia ng'ombe wote wa Matemwe. Mwanamkasi anampenda kwa sababu anamsikiliza, jambo ambalo mimi na Simai limetushinda.

Jana aliniambia kitu. Alisema, "Mzee, mimi n'napocheza tu ndo watu huniita kwa jina langu. Tangu nivunjike naitwa mguu." Nikaona haya, kwa kuwa na mimi nimekuwa nikimwita hivyo moyoni. Sasa namwita Borafya.

Unaniuliza mwezi gani. Wa sita. Kabla ya hapo mfupa unatembeleka lakini haupigi, na ukipigwa utapasuka palepale. Wa sita ukishaingia, acheze atakavyo. Waambie kamati hivyo.

Mjomba wako,
Mjaka


Matemwe
Mfungo Nne, siku ya 28

Mpwa wangu,

Barua hii anayo Borafya mkononi. Anataka kwenda mjini kumwona mamake, nami nimemruhusu, maana kutembea anatembea kuliko wewe. Narudia: asikanyage mpira mpaka uingie wa sita. Ukiingia, basi, sina neno.

Dada Tabia ndizi zake hizo, aziache zitulie siku mbili. Simai mwambie mamake anamwulizia.

Mjomba wako,
Mjaka


Vikokotoni
Jumanne, 15 Juni 1965

Kwa Mzee Mjaka,

Salamu nitatia mwisho nikiweza.

Borafya alifika hapa tarehe 29 Mei, anatembea kama hajapata kuvunjika. Nikaisoma barua yako, nikatazama kalenda ukutani, zimebaki siku tatu. Mjomba, nilicheka peke yangu. Tarehe mosi Juni mwezi wa sita ukaingia, tarehe mbili nikampa njumu. Yeye mwenyewe aliniuliza, "Mzee kasema?" Nikamwonyesha barua yako.

Jumapili Mnazi Mmoja palijaa hata juu ya kuta. Kipindi cha kwanza Simai alitufunga. Mwanao, mjomba, kwa kichwa, na hakushangilia, aligeuka akarudi mahali pake ameinamisha uso. Kipindi cha pili tukamtia Borafya. Watu walisimama. Aligusa mpira mara tatu tu. Mara ya tatu aliupiga kwa mguu wa kulia kutoka mbali, ukaingia, ikawa bao moja kwa bao moja, na mimi nikaruka nikamkumbatia Masoud. Nilipomwachia nikaona Borafya yuko chini. Hakuna aliyemgusa.

Sisi sote tuliganda. Aliyekimbia ni Simai. Alimpita refa, akang'oa kijiti cha bendera ya kona, akakivunja vipande viwili kwa goti, akaivua jezi yake ya Tufani na kuichana, akamfunga mguu palepale huku anamwambia, "Nitazame mimi, usitazame mguu." Refa anapiga filimbi, Tufani wanamwita, yeye hasikii. Akatoka naye uwanjani na hakurudi. Wenzake walicheza kumi, na kwa hao kumi wakatufunga la pili. Kombe limekwenda Funguni, kwa Tufani.

Jana ukatibu nimeuacha, sikungoja kuulizwa. Wanataka jina la Borafya lifutwe katika daftari la wachezaji. Amelala kwa mamake, na kesho Simai atamrudisha kwako.

Wewe uliandika wa sita. Umeandika mara mbili, kwa mkono wako. Nimefanya kama ulivyosema. Nimekaa siku mbili nikijiuliza kwa nini fundi kama wewe akosee, nikakumbuka ile barua yako ya kwanza uliyosema umekasirika. Niambie, mzee. Uliutaka mguu ule uvunjike kwa ajili ya Simai?

Machano


Matemwe
Mfungo Tano, siku ya 18

Mpwa wangu Machano,

Wewe salamu zimekushinda, basi mimi nakusalimu. Natumai umzima. Sisi hatujambo.

Borafya nimempokea. Mfupa umepasuka, haukukatika. Aliyemfunga kiwanjani alimfunga vizuri, na nilipoifungua ile jezi nilijua ni mkono wa nani kabla ya kuambiwa. Miaka yote nikidhani Simai hanitazami nikifanya kazi.

Sasa chukua barua zangu zote, zipange juu ya meza, usome mstari wa juu wa kila moja. Mfungo Pili. Mfungo Tatu. Mfungo Nne. Na hii uliyonayo mkononi, Mfungo Tano. Wa sita bado, mwanangu. Utaingia siku kumi na mbili zijazo, ndio mwezi wa Maulidi. Mimi nahesabu tangu tulipofungua Ramadhani, kama alivyohesabu baba yangu, na kama mamako anavyohesabu mpaka leo hapo ndani mwako. Ungemwuliza angekwambia.

Na mimi nina langu. Nilijua wewe ni mtu wa ofisi na wa kalenda ya ukutani. Ningeliandika neno moja zaidi, mguu ungelikuwa mzima. Niliona uvivu wa wino. Kwa hilo Borafya nimemwomba radhi, na amenisamehe.

Lile neno lako la mwisho nimelisoma mara moja. Mwanamkasi sikumsomea. Nimeliona pia jina lako limekaa peke yake chini ya karatasi, hukutia wewe ni nani kwangu. Mimi natia.

Mjomba wako,
Mjaka


Vikokotoni
Mfungo Sita, siku ya 3

Mjomba wangu,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa ile niliyokunyima.

Tarehe hiyo juu nimemwuliza mama. Alinitazama kwanza, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kwani wewe hukuwa ukijua?" Nilikuwa nikijua. Idi Kubwa nimeila mwezi wa Mfungo Tatu kama watu wote. Lakini barua zako naanza kuzisoma kwenye habari, mstari wa juu naupita, na nilikuwa na hamu ya Juni, nikaisoma Juni mahali ambapo haikuandikwa.

Nisamehe lile neno. Sikulifikiri, nililisema kwa kuwa nilikuwa na aibu na sikutaka niwe nayo peke yangu.

Simai nimemkalisha, nikamwuliza kwa kweli, na nikamwambia "naam" siitaki. Akasema, "Kaka, mimi iliniuma. S'kuumia kwa kupelekwa Tufani, niliumia kwa kujua baada ya watu wa barazani." Nikamwomba radhi mbele ya mama. Anataka kubaki Tufani, anasema huko walimwuliza anapenda kucheza wapi.

Kuhusu Borafya, nilikwenda klabuni jana, si katibu tena, nikaomba jina lake lisifutwe. Wakaniuliza nina dhamana gani safari hii, nami jina langu nshalipoteza. Nikasema sina. Masoud akalifunga daftari bila ya kufuta. Mwambie Borafya hivyo, kwamba jina lake lipo.

Sikuulizi mwezi.

Mpwa wako,
Machano


Matemwe
Jumatano, 20 Oktoba 1965

Mpwa wangu Machano,

Marahaba. Tarehe hiyo nimeandikiwa na mwalimu wa skuli, na kama ina kosa mlaumu yeye. Sisi wazima. Mwanamkasi anakohoa anapotaka kunikatiza maneno tu.

Simai alikuja Ijumaa baada ya sala. Alimfungua Borafya mabanzi yeye, mimi nimekaa pembeni mikono yangu mapajani, na sikupata pa kumsahihisha. Anasema useremala atamaliza, kisha atakuja kukaa nami ajifunze na hii kazi. Nilijifanya natafuta uto.

Jioni wakatoka wawili na mpira. Nilitaka kuwakataza, nikaona nimuulize Borafya kwanza, unaumwa? Akasema haumwi. Akaupiga kwa kulia, polepole, mara ya pili kwa nguvu, mara ya tatu ukavunja mtungi wa maji wa Mwanamkasi. Alikimbia kujificha, Machano. Alikimbia kweli. Mwanamkasi akamfukuza hadi kwenye mti wa mkadi wa jirani, anamgombeza huku machozi yanamtoka, na sisi tukabaki tunamtazama yule kijana anavyokimbia.

Atacheza klabu gani, mtajua wenyewe, ila mwulizeni yeye kwanza. Yuko tayari kurudi mjini. Njoo umchukue Jumapili, uje na mamako, na mtungi mpya. Jumapili ni moja, kwako na kwangu.

Mjomba wako,
Mjaka